Mvua ya Jana

Kakese, Mpanda
Jumapili, 2 Februari 2025

Shemeji Spès,

Sisi wazima. Aline anaendelea na shule, kuku wako mweupe bado anataga. Hayo yanatosha, nakuja kwenye jambo.

Tumefungwa tena. Jana ilikuwa mara ya tatu katika michezo mitatu. Tarehe 18 Januari tulifungwa chupa tisa kwa mbili, tarehe 25 nane kwa tatu, na jana tano kwa nne. Ya jana ndiyo imeninyima chakula, kwa sababu tulikuwa na nne kwa tatu na wapinzani wamebaki watatu tu katikati.

Najua sheria za nyumba yenu ya masista: simu hakuna, barua mara mbili kwa mwezi, na kila barua inasomwa kwanza na Mama Mlezi. Kwa hiyo namsalimia na yeye, na kama hakucheza rede utotoni namweleza kwa ufupi. Timu moja inaingiza wanawake saba katikati. Timu nyingine inasimamisha warushaji wawili, mmoja kila upande, na mpira wa soksi. Anayeguswa anatoka. Ambao hawajaguswa wanakwepa huku wakijaza mchanga kwenye chupa ya soda. Chupa ikijaa ni pointi moja, wanaimwaga na kuanza upya, hadi wote watoke. Kisha timu zinabadilishana. Kila timu inakuja na mchanga wake.

Sasa sikia matatizo. La kwanza, mchanga wetu una unyevu, unasakama kwenye shingo ya chupa. La pili, dada yako Odeta. Nampenda mke wangu, lakini jana alirusha mipira 64, iliyogusa watu ni mitatu. Nina kila mpira kwenye daftari. Unanijua: mimi ndiye mpima mvua wa Kakese, mwaka wa kumi na moja huu, kila siku saa tatu asubuhi, na sijakosa hata siku niliyougua malaria. Mtu anayepima mvua hadi nukta moja hawezi kutazama mchezo kwa macho tu. Ninakaa kwenye ndoo, hatua mbili kutoka kwenye mstari, na ninaandika.

Timu ya mwisho kati ya sita inatoka kwenye ligi. Sisi ndio wa mwisho. Siku ile ya Juni pale stendi, ulipokuwa unaondoka kwenda utawani, uliniambia neno moja tu: "Shemeji, usiache Mshikamano ife." Wewe ndiye uliyeianzisha, wewe ndiye uliyekuwa huguswi. Niambie la kufanya. Hata kama umeshaanza kuwa mtakatifu, kumbuka bado wewe ni shemeji yangu na una deni la kunijibu.

Salvatori


Sumbawanga
Jumapili, 16 Februari 2025

Shemeji,

Barua yako nimeipata Jumatatu, tayari imekunjwa na mikono mingine. Ulisema deni. Mimi nimeacha ulimwengu, madeni yangu mpelekee dada.

Nimeisoma mara nne. Kwenye ile nne kwa tatu niliinuka kitini, na tulikuwa kwenye muda wa kusoma kimya. Nimepewa kufua mapazia ya kanisa peke yangu. Sijutii.

Mchanga: chekecheni, kisha uanikeni kwenye turubai siku mbili, msiuache nje usiku. Mimi nilikuwa nauweka chini ya kitanda. Nyanzala, nahodha wetu, asiingie katikati na yule mwembamba wa upande wa chini, wanagongana. Na kudaka, kwa nini hakuna anayedaka? Zamani tulidaka.

Kuhusu dada sina la kusema kutoka huku. Nina swali tu. Ukiwa pale kwenye ndoo unaandika, yeye anarusha akiwa amekuangalia au amekupa mgongo? Na ukishaandika unafanya nini na hayo maandishi?

Wanovisi wenzangu wanakusalimu. Wawili ni Wafipa, hawakuwa wanajua rede inachezwa na watu wazima kwa ligi. Sasa wanajua.

Spès

Nimeisoma. Kuhusu mapazia, adhabu imebaki palepale. Ila kuna jambo halikuelezwa: mtu wa katikati akiudaka mpira inakuwaje? — Sr. Theopista, Mlezi


Kakese, Mpanda
Jumapili, 23 Februari 2025

Shemeji Spès, na Sista Theopista,

Nianze na Sista: akidaka, mwenzake mmoja aliyetoka anarudi katikati. Kwa sheria zetu ndicho kitu kikubwa kuliko vyote, na msimu huu hakijatokea hata mara moja. Nina uhakika, nimeangalia daftari.

Sasa shemeji, kaa chini. Tumeshinda.

Nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Tarehe 8 tulifungwa, tarehe 15 tukafungwa. Michezo mitano, sifuri. Jana ukawa wa sita, dhidi ya timu ya sokoni Kashaulili, hapa hapa Kakese, na mimi ole wangu sikuwepo. Idara ya hali ya hewa ilituita mjini wapima mvua wote kukabidhi kadi za mwezi, na afisa alichelewa kufika kwa saa tatu nzima. Nikarudi saa kumi na mbili nikakuta wanawake wanacheza uwanjani na ndoo kichwani. Chupa sita kwa nne. Nyanzala akaniambia Odeta alitoa watu wanne peke yake.

Nimefikiri sana sababu ni nini, na nimeipata. Ijumaa jioni nilikuwa nimebandika karatasi kwenye mlango wa jiko, makosa kumi na mawili ya Odeta na tarehe zake. Inaonekana yamemwingia. Umeuliza nafanya nini na maandishi: ndiyo hayo. Kila Jumamosi wakati wa kula ninamsomea, taratibu, mpira mmoja mmoja, ili ajue. Anasikiliza bila kujibu. Na anarusha akiwa amenitazama, ndiyo, kwa sababu nakaa upande wake makusudi ili nisipoteze mpira hata mmoja.

Kwa hiyo naongeza juhudi. Jumamosi ijayo nitakuwa na madaftari mawili.

Salvatori


Kakese
Jumanne, 25 Februari 2025

Amahoro, amani kwako mdogo wangu,

Ninaandika Baba Aline akiwa shambani. Atakuwa amekuandikia kuhusu karatasi ya mlangoni. Ile karatasi niliifunikia sufuria ya maharage.

Nisaidie. Nikiwa nyumbani na watoto narusha jiwe napiga papai. Nikiingia uwanjani namwona kwenye ndoo yake, amelamba kidole kufungua ukurasa, na mkono wangu unakuwa wa mtu mwingine. Siyo mimi tu. Nyanzala anasema akisikia kalamu inafanya kri, anakosa pumzi. Jumamosi hakuwepo, tukacheza kama zamani na wewe. Tulicheka hadi mwamuzi akatuonya.

Wenzangu wanataka kumwambia asije. Nimewakatalia. Hana pombe, hana kijiwe, hana kitu kingine cha kumfurahisha isipokuwa mvua na sisi. Ukimwambia mtu kama yule kwamba furaha yake ndiyo inatuua, atalirudisha daftari kabatini na hatalitoa tena, na mimi nitabaki na mwanaume aliyenyamaza ndani ya nyumba. Lakini tukitoka kwenye ligi pia nitabaki naye hivyo hivyo.

Wewe una maneno. Tafuta namna.

Dada yako,
Odeta


Sumbawanga
Jumapili, 2 Machi 2025

Shemeji,

Hongera kwa chupa sita. Jikoni tulipiga vifuniko vya masufuria, na Mama Mlezi alisema tu tusivunje.

Jumatano tunaanza Kwaresima. Siku zote hizi arobaini ninaruhusiwa kutuma barua moja tu, nayo nitaichagua kwa uangalifu, kwa hiyo usishangae nikinyamaza. Kabla sijanyamaza nina ombi.

Agosti natarajia kuweka nadhiri za kwanza. Kila ndugu ananipa sadaka moja ya Kwaresima kwa ajili hiyo. Mama ameacha sukari. Kaka yetu ameacha sigara, tutaona. Wewe nakuomba kitu kinachokuuma, maana sadaka isiyouma ni mazoea tu. Nakuomba usiende uwanjani hadi Pasaka. Usiende na madaftari, wala bila madaftari. Kaa nyumbani.

Najua ninachokuomba.

Spès


Kakese, Mpanda
Jumapili, 9 Machi 2025

Shemeji Spès,

Umenipiga palipo pembamba. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni nikakaa kwenye kizingiti. Ningekuachia sukari, chumvi, na nyama hadi Krismasi. Lakini wewe ulikuja kuishi kwetu ukiwa na miaka tisa na hujawahi kuniomba kitu cha kwako mwenyewe, kwa hiyo nimekubali.

Nilikwenda mara ya mwisho tarehe 1, kabla barua haijafika. Tulifungwa saba kwa mbili. Madaftari mawili hayakusaidia.

Jana ilikuwa ya nane, hapa nyumbani. Nilimpa Odeta ndoo ya mchanga, akaenda, nami nikakaa nyuma ya nyumba karibu na kipima mvua. Kutoka pale hadi uwanjani ni kama mita mia saba. Huoni kitu, mahindi yamepanda juu. Lakini unasikia. Nikagundua kwamba kila chupa ikijaa wanawake wetu wanapiga vigelegele, na chupa ya wageni ikijaa kunakuwa kimya kizito na mbwa wa Nyanzala anabweka. Nikaanza kuhesabu kwa punje za mahindi, za kwetu kulia, za wageni kushoto. Kufika saa kumi na robo nilikuwa na punje saba kulia na tano kushoto.

Odeta aliingia ana vumbi hadi kwenye nyusi. Nikamwambia, "Saba kwa tano." Akaduwaa. "Nani amekuambia?" Nikamwonyesha punje. Alicheka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msimu uanze, na nimejiuliza kwa nini.

Salvatori


Kakese, Mpanda
Jumapili, 23 Machi 2025

Shemeji Spès,

Hutaweza kunijibu, najua. Naandika kwa sababu nimefanya jambo baya na sina mwingine wa kumwambia.

Tarehe 15 timu ilikuwa inakwenda Misunkumilo kwa mchezo wa tisa. Walipanda bajaji mbili saa saba mchana. Njiani ikashuka mvua ambayo sijaiona mwaka huu, kijito kikafurika, bajaji moja ikazima katikati ya maji. Wakasukuma, wakarudi kwa miguu. Kule Misunkumilo ilinyesha manyunyu tu. Wenyeji wakasubiri, wakasema Kakese wameogopa, wakadai ushindi wa mezani.

Kamati ilikaa Alhamisi tarehe 20, na Odeta, Nyanzala na wengine wote walikuwepo. Mwenyekiti wa ligi, Machibya, alisikiliza pande zote mbili zikibishana, kisha akasema, "Kila timu ina mashahidi wake. Daftari la mvua halina timu. Mpima mvua alete." Daftari la ofisi liko kwenye kabati la afisa ugani, naye alikuwa semina. Nikatoa shajara yangu, ambamo naandika mvua pia.

Machibya akafungua Jumamosi tarehe 15. Imeandikwa: mvua 0.0.

Shemeji, sikuandika uongo. Mimi napima saa tatu asubuhi. Asubuhi ile chombo kilikuwa kikavu, nikaandika sifuri. Mvua ilikuja mchana, na niliikuta kwenye chombo kesho yake, tarehe 16: milimita 47.5. Mvua ninayoipima leo asubuhi ni ya jana. Ndiyo maana kwenye daftari la ofisi naiandika kwenye mstari wa jana, kama tulivyofundishwa, lakini kwenye shajara naandika siku niliyoiona kwa macho. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili: fungua ukurasa.

Sikusema. Nilifumba shajara nikaiweka kwapani. Machibya akatangaza: Misunkumilo wameshinda. Odeta alinitazama kama vile nimemsukuma majini mimi mwenyewe.

Sababu ni hii. Tarehe 16, baada ya kuandika 47.5, nilijumlisha msimu wote kwenye ukurasa huo huo. Nikiwepo uwanjani: michezo sita, kushinda sifuri. Nisipokuwepo: michezo miwili, kushinda miwili. Nikaandika chini yake hitimisho, maana hesabu bila hitimisho haijakamilika. Niliandika: "Kwa hiyo tatizo la timu ni mimi. Odeta anajua. Amekuwa ananivumilia." Sikuweza kuwaacha wasome hayo mbele yake.

Jana wamecheza wa kumi bila mimi, wakashinda nane kwa sita. Sasa ni michezo mitatu, kushinda mitatu. Timu ya sokoni nayo ina mitatu na imetupita kwa chupa. Bila ule mchezo wa Misunkumilo tunatoka. Rufaa inapokelewa hadi tarehe 3 Aprili.

Salvatori


Sumbawanga
Alhamisi, 27 Machi 2025

Ndugu Salvatori,

Tumsifu Yesu Kristo. Spès ametumia barua yake ya Kwaresima kwa mama yake. Hii yako nimeisoma, nikaisoma tena, na nimeamua kuijibu mimi.

Jambo la kwanza. Baada ya kusikia habari hii Spès alikuja kwangu akilia, akakiri kwamba sadaka aliyokuomba haikuwa kwa ajili ya nadhiri zake. Aliombwa na dada yake akutoe uwanjani kwa upole, barua niliyoisoma mwenyewe nisiunganishe mambo, naye akalivika ombi hilo joho la Kwaresima. Nimemwambia kwamba upole unaotumia jina la Mungu kwa hila una kasoro. Amekubali. Mapazia yote ya nyumba hii sasa ni meupe.

Jambo la pili. Mlikuwa watu watatu wenye kujua jambo moja, na kila mmoja analificha ili asiwaumize wawili wengine. Nimelea wanovisi miaka kumi na tisa, hali hiyo naijua.

Jambo la tatu ni fupi. Fungua ukurasa.

Nitashukuru kujua matokeo. Siyo mimi peke yangu. Hapa Jumapili jioni wanovisi wanacheza nyuma ya bwalo, na juzi nimedaka.

Sr. Theopista


Kakese, Mpanda
Jumapili, 6 Aprili 2025

Sista Theopista, na shemeji Spès,

Nimefungua.

Rufaa ilisikilizwa Alhamisi, siku ya mwisho. Nilikuja na madaftari yote mawili. La ofisi linaonyesha 47.5 kwenye mstari wa tarehe 15. Kiongozi wa Misunkumilo akaruka: wiki mbili zilizopita tumeona sifuri kwa macho yetu, leo kuna arobaini na saba, huyu amechora. Machibya akaniambia, "Mpima mvua, jieleze." Nikaeleza habari ya saa tatu asubuhi na mvua ya jana. Akasema basi nisome ukurasa wa tarehe 16 kwa sauti, wote wasikie.

Nilisimama. Nikasoma tarehe, nikasoma "mvua 47.5, ilianza jana saa saba na nusu mchana, ikakatika saa kumi." Ilitosha, lakini macho yangu yalishateremka kwenye mistari ya chini, nikaifunika kwa kiganja. Yule kiongozi akasema, "Mbona amekwama? Kuna nini hapo chini?"

Odeta akanyanyuka akanichukulia shajara mkononi. Kwa miaka ishirini na mbili hajawahi kuigusa. Akarudia mstari wa mvua, halafu akaendelea kusoma, bila haraka, nikiwepo sita kwa sifuri, nisipokuwepo miwili kwa miwili, hadi kwenye "Amekuwa ananivumilia." Kisha akaifunga, akamwambia mwenyekiti, "Mvua mmeisikia. Hayo mengine ni ya nyumbani kwetu."

Halafu Nyanzala, kule nyuma, akasema kwa sauti yake ya kuita ng'ombe: "Kumbe mpima mvua wewe ndiye ukame wetu." Hata Machibya alificha mdomo kwa karatasi. Mchezo utarudiwa Misunkumilo, Jumatatu ya Pasaka.

Tulirudi kwa miguu. Tulipita karibu nusu ya njia ndipo akaniuliza.

"Baba Aline, umejua tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na sita."

"Na bado ukakaa nyumbani ukisema ni Kwaresima."

"Ilikuwa Kwaresima pia."

Akanishika mkono, barabarani, mchana. Sikuandika ilikuwa saa ngapi.

Shemeji, sikukasirikii. Nilikosa michezo miwili kwa hila yako na nikasikia vigelegele kumi na tano. Ila nyama nakudai, maana nilikuwa tayari kuiacha hadi Krismasi.

Salvatori


Kakese, Mpanda
Jumanne, 22 Aprili 2025

Shemeji Spès, Sista Theopista, na wanovisi wote,

Heri ya Pasaka.

Wiki iliyopita Nyanzala alikuja nyumbani na wanawake wanne. Nilidhani wamekuja kuniambia nibaki nyumbani moja kwa moja, nami nilikuwa nimeshajiandaa kukubali. Nyanzala akasema wamekaa kikao. Nije, lakini siyo kwenye ndoo ya kukalia. Nibebe ndoo ya mchanga. Nitakuwa mleta mchanga wa timu, mikono yote miwili ikiwa na kazi. Daftari libaki nyumbani. Odeta alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso, lakini niliona shavu lake limejaa tabasamu.

Nikafanya kazi hiyo kama ninavyofanya zote. Jumatano nilichota mchanga mtoni, nikauchekecha mara mbili, nikauanika siku mbili. Ijumaa Kuu jioni wingu la mashariki halikunipendeza, nikauingiza ndani, ndoo tatu, chini ya kitanda chetu, kama ulivyokuwa unafanya. Jumapili ya Pasaka ikanyesha kuanzia jioni hadi alfajiri. Jumatatu saa tatu asubuhi nikapima: 18.0. Nikaandika kwenye daftari la ofisi mstari wa jana, na kwenye shajara pia nikaandika "mvua ya jana". Sitarudia kosa.

Misunkumilo walikuwa wameacha mchanga wao uwanjani.

Waliingia wao kwanza. Ni wepesi sana, walikwepa kama samaki, lakini mchanga wao ulikuwa kama uji na chupa zilikuwa zinasakama. Mtu anagonga chupa na kiganja huku mpira unamjia. Walifika nane ndipo wa mwisho akatoka, Odeta alimgusa kwenye kisigino. Nadhani alirusha vizuri. Sikuhesabu. Nilikuwa nimekumbatia ndoo.

Kisha sisi. Mchanga wangu ulimiminika kama maji. Kila mpira ulipotoka nje nilikimbia kuongeza rundo katikati, nikarudi. Tukafika tano, watu wanatoka, tukafika saba, nane. Nane kwa nane, na amebaki mmoja tu katikati. Nikafuta jasho na mchanga machoni nikaona ni Odeta.

Alikuwa na chupa nusu. Akiinama kuchota mpira unakuja, anaruka, mchanga unamwagika, anaanza tena. Nilitaka kupiga kelele kumwambia mrushaji wa kushoto anavuta mkono kabla ya kurusha, jambo hilo nilishaliandika tangu Februari. Nikafunga mdomo. Akanitazama. Mara ya kwanza msimu huu alinitazama nikiwa sina kalamu. Mpira ukatoka kushoto, wa juu, na hakuukwepa. Aliudaka kifuani kwa mikono miwili.

Sista, umeelewa. Nyanzala akarudi katikati anakimbia na kanga yake mkononi. Sasa mmoja anawachezesha warushaji, mwingine anajaza. Ndoo yangu ya tatu ilikuwa karibu kwisha. Nikaimwaga yote. Odeta akachota viganja vitatu, akainua chupa juu, imejaa hadi mdomoni, na mwamuzi akainua mkono.

Hapo nilipiga kigelegele. Mimi, mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mbele ya kata mbili. Nimeambiwa kilikuwa kibaya sana.

Tumebaki kwenye ligi. Sokoni ndio wametoka. Baada ya chupa ile waliendelea kucheza na yaliyofuata sikuyaona vizuri, kwa hiyo matokeo kamili siyajui. Nimemwachia Odeta nafasi hapa chini ayaandike yeye.

Salvatori

Mdogo wangu, chupa kumi kwa nane. Ya kumi niliijaza kwa kukwangua chini na kucha, kwa sababu mleta mchanga alikuwa amekaa ndani ya ndoo yake analia. — Odeta